Midomo ya Faina Ng'ambo ya Mto

Nilirudi Narva, mji wetu wa zamani, kwa siku mbili tu, kumchukua mdogo wangu Faina. Yeye anakaa Ivangorod, ng'ambo, na mto ndio mpaka wa nchi zetu mbili. Foleni ya darajani inakula saa sita, saba, na magoti yangu yamestaafu kabla yangu. Tukapatana kwa simu tuonane kwa mbali: saa nne asubuhi, mimi chini ya ngome ya upande wetu, yeye chini ya ngome ya upande wao, kila mtu na darubini yake.

Kupiga kelele hakukuhitajika. Miaka thelathini tulifuma nguo kiwandani, mitambo ikinguruma hata ungejifungulia pale asingesikia mtu. Wafumaji wote tulizungumza kwa midomo, bila sauti. Mameneja tuliwasengenya mbele ya pua zao.

Nikamwona benchini na kitambaa chake chekundu. Pembeni yake jirani yake Arkadi, aliyekuwa fundi wa mitambo yetu; naye midomo anaisoma. Darubini anayo Arkadi.

"Njoo tukaishi wote kwangu Tallinn," nikamwambia kwa midomo. "Chumba chako nimeshakipaka rangi."

Arkadi akamwinamia sikioni kwanza. "Siji, dada Rimma. Nina mwanamume."

Nikacheka mpaka darubini ikanigonga pua. "Huyo Arkadi? Si alikuwa anakimbia panya wa stoo!"

Faina hakucheka. Akamgeukia Arkadi, nami darubini bado ninayo machoni.

"Amesema nini? Anacheka? Niambie, amevaa nini?"

"Anacheka," Arkadi akamjibu. "Koti la kijani. Amenenepa."

Faina, aliyekuwa akiona uzi uliokatika kutoka mwisho wa ukumbi, haoni! Nikaikaza darubini machoni.

"Usimwambie," Faina akaendelea kumwambia Arkadi. "Akijua macho yamekwisha, atanihudumia kama mtoto mchanga mpaka afe yeye kwanza."

Bibi mzima, mfumaji, kasahau kwamba namsoma hata asiponisemesha mimi.

"Arkadi!" nikatamka polepole, machozi yakinichafulia vioo. "Mwambie nimesoma yote. Na sijanenepa, mjinga wewe, ni koti!"

Akamwambia. Faina akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nikaenda moja kwa moja darajani, nikasimama nyuma ya mama mmoja mwenye sanduku.

"Bibi, unakwenda kukaa ng'ambo siku ngapi?" akaniuliza.

"Hata sijui," nikamwambia. "Ni mbishi sana yule mdogo wangu."