Mwizi wa Kisu cha Chabani

Pasta Zabuloni hakuwa na gari. Hakuwa na mtoto, wala kiwanja mjini, wala sauti ya kuimba; alipoanzisha wimbo kanisani, waumini waliukimbiza wimbo wakamwacha nyuma. Hakuwa na koti la pili. Hakuwa na diploma ya kutundika ukutani. Na kwa maoni ya Chabani mchinjaji, jirani yake wa mtaa wa Musinzira, hakuwa na haya hata chembe.

"Mwizi yule!" Chabani alisema kila jina la mchungaji lilipotajwa sokoni. "Kisu cha marehemu baba yangu, chuma cha Mdachi, mpini wa pembe! Amekitosa chooni, na Jumapili anapanda mimbarini kuhubiri watu wasiibe."

Alianza kukidai kisu hicho vita vilipoanza, na vita vilikuwa bado havijaisha. Mji mzima wa Gitega ulishazoea.

Sasa mchungaji alikuwa anastaafu. Kanisa lilimwandalia karamu ya kumuaga, na fimbo ya heshima, na nyumba ndogo ya kanisa kule Gashoho, mkoani Muyinga, alikozaliwa. Dume la ng'ombe liliponunuliwa, mzee alitoa sharti moja: achinje Chabani, ili Waislamu wa Musinzira nao wale.

"Sichinji," Chabani alimwambia mkewe, Fatuma.

"Utachinja, baba Shafii. We tangu lini umekataa nyama?"

Akaenda. Alitaja jina la Mungu, akachinja kwa kisu cha Kichina, kisha akakilaani kisu chenyewe mpaka ngozi ikatoka.

Mjumbe wa kanisa alikuwa amefika kutoka Muyinga na msafara wa malori uliosindikizwa na askari. Kabla ya kukabidhi fimbo aliuliza, kama ilivyo desturi, ikiwa kuna mwenye neno. Shemasi Evaristi akasimama.

"Mi niko na neno. Siku ile watu walipoanza kuuana, tulikimbilia uwanja huu wa kanisa. Mtu huyu alisimama langoni akachagua! Wa upande wake aliwaingiza. Mi nilikuja nimebeba roho mkononi, akanifukuza kama mbwa. Leo mnampa fimbo? Mnampa nyumba?"

Wengine walipiga makofi. Mama mmoja alitema mate chini. Watu waliozoea kushiriki sahani moja walisogeza viti, kila mmoja akaegemea kwa wa kwao.

Mjumbe alirudisha fimbo mezani. "Pasta, jibu."

Zabuloni alitazama viatu vyake. "Waliopita langoni niliwaahidi kwamba sitasema mtu alikuja na nini. Sisemi."

"Basi nyumba ya Gashoho itangoja."

Chabani alikuwa kwenye masufuria, damu ikimkaukia mikononi. Raha ilimpanda mpaka kooni: mwizi kapatikana! Halafu raha ile ikamkwama kama mfupa. Siku ile alikuwapo. Fatuma na watoto walikuwa wametangulia kuingia humu, naye akafika mbio kutoka machinjioni, kisu kiunoni. Miaka yote hii alimsikia Evaristi akinong'ona uongo huo, akanyamaza, kwa maana kila tusi alilotukanwa Zabuloni lilikuwa asali kwake. Lakini kumsengenya mzee ni jambo moja. Kumnyang'anya paa ni jingine.

"Niulizeni mimi!" alipaza sauti.

"We si wa kanisa," Evaristi alisema. "Rudi kwenye matumbo yako."

"Nitarudi, sha, na lako nitalisafisha. Jamani, mimi simpendi mtu huyu. Kuna asiyejua?"

"Hakuna!" waliitikia, wengine wakicheka.

"Kaniibia kisu. Wapi? Langoni hapo. Aliniambia, 'Kisu kwanza, halafu mtu.' Nikamwambia, hiki ni cha kazi yangu. Akanionyesha panga la aliyenitangulia: 'Na hili ni la kukatia ndizi.' Vyote akavitosa chooni! Mapanga ya hawa, mikuki ya wale, na chuma changu cha Mdachi. Hakuuliza mtu ni wa nani. Aliuliza mkono umeshika nini. Na we, Evaristi, ulikuwa nyuma yangu. Waambie chini ya koti ulikuwa na nini."

"Maneno ya mchinjaji hayo."

"Panga! Nililiona likichungulia. Akakwambia uliache uingie, ukaona afadhali panga. Sikukuona ukimkata mtu, na sitasema nisichokiona. Lakini hukufukuzwa. Ulichagua."

Mwanamume mmoja akasimama nyuma kabisa. "Panga langu limo chooni humo," alisema. Ng'ambo ya pili, kwa wale wengine, mzee mmoja akainuka kwa shida. "Na mkuki wangu." Hawakutazamana.

Evaristi alichukua kofia yake, akapiga kiti teke, akatoka. Hakuna aliyemfuata, hakuna aliyemzuia.

Baada ya kukabidhiwa fimbo, Zabuloni aliisogelea mioto.

"Asante, baba Shafii."

"Asante ya nini? Mimi nilikuwa nadai kisu changu."

"Najua."

"Na bado nakidai."

"Najua. Kata nyama, watu wana njaa."

Mchungaji akahamia Gashoho. Siku zikapita, na sokoni Chabani akaonekana mtu aliyepoteza kitu, akiwatukana wauza maharage, na matusi yenyewe hayana ladha. Mwishowe alitafuta karatasi akaandika:

"Pasta Zabuloni. Salamu sina. Kisu cha Kichina kimevunjika kwenye goti la mbuzi, na lawama ni zako. Idi inakaribia. Njia ikiwa na usalama, njoo ule kwangu nikutukane ana kwa ana, maana huku hakuna tena mtu mwenye uzito wa kutukanwa. Fimbo yako usiingie nayo. Kwangu pia vitu hivyo huachwa langoni. Chabani."

Fatuma alisomewa. "Hata neno moja zuri hujaandika!"

"Yeye ataelewa."

Akaifunga bahasha kwa ugali, kwa kuwa gundi hawakuwa nayo, akaigandamiza kwa ngumi, akaipeleka dukani kwa Kabir, ambaye lori lake lilikuwa likijiunga na msafara wa Muyinga. Dereva aliitia mfukoni mwa shati, akawasha injini.