Waya wa Kuzimia

Mama alipiga simu saa kumi jioni. Niliipokea mimi, binti yake, kwa kuwa mikono ya baba ilikuwa imejaa grisi.

"Wametua," alisema. Hakuwa na haja ya kutaja nani. "Shamba limegeuka rangi. Matawi yanavunjika kwa uzito wao. Mwambie baba yako hiyo ndege iwe hapa kabla jua halijawapasha."

Nzige hulemewa na baridi ya usiku. Asubuhi huwa wazito, wameshikana na mabua kama gundi, na hapo ndipo ndege hupita juu yao na dawa. Jua likishapanda huinuka wote kwa pamoja, na unabaki na mabua matupu. Bonde zima lilikuwa limepanda mtama. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko wa magharibi, unaopigwa na jua la kwanza, na Mama alikuwa amelima peke yake msimu huo, kwa sababu mimi na baba tulikuwa mafundi kwenye karakana ya kampuni ya ndege, mbali na bonde.

Ndege ya kunyunyizia ilikuwa moja tu, na jioni ile injini yake ilikuwa uchi. Mvua zilizopita ziliipasua mipira ya nyaya, ikawa inakohoa kila ikipanda kilima. Tulizing'oa zote. Mpya zilikuwa zimefika siku hiyo hiyo asubuhi kwenye sanduku la mbao.

Injini yenyewe ni ya silinda tisa zilizopangwa kwa duara, kama saa ya ukutani yenye namba tisa. Kila silinda ina plagi mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila plagi ina waya wake. Nyaya kumi na nane. Zote hutoka kwenye magneto mbili zilizofichwa nyuma ya injini, vyombo vinavyotoa cheche vyenyewe bila kuhitaji betri. Ya kulia hulisha plagi za mbele, ya kushoto za nyuma. Moja ikifa angani, nyingine hubeba mzigo.

"Waya wa tundu la pili la magneto unaenda wapi?" baba aliniuliza, ingawa alijua kwamba najua.

"Silinda ya tatu."

"Kwa nini si ya pili?"

"Kwa sababu namba ya tundu ni zamu ya cheche, si namba ya silinda."

"Chuoni mmefundishwa hivyo, au umenisikia mimi nikilalamika miaka ishirini?"

"Yote mawili, baba."

Akacheka. Hapo ndipo wengi huharibu. Huunganisha mbili na mbili, tatu na tatu, na injini ikiwashwa hupiga chafya za moto. Moja, tatu, tano, saba, tisa, mbili, nne, sita, nane: baba aliniimbia hivyo nikiwa bado sijaota meno ya mbele, na mpaka leo nikihesabu kitu kwa haraka huwa naruka namba.

Karakana yetu ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Anayefunga waya si anayeuvuta. Mmoja anafunga, mwingine anakuja nyuma yake, anaushika kila waya na kuuvuta kwa nguvu ya kiganja, kisha wote wawili wanatia saini kwenye daftari: safu ya aliyefunga, safu ya aliyevuta. Baba ndiye aliyeileta sheria hiyo, kabla sijazaliwa.

Alifunga. Nilivuta. Tulienda vizuri mpaka kwenye waya wa mwisho.

Huo haupeleki cheche popote. Ni waya wa kuzimia. Kila magneto ina wake, unaotoka mgongoni mwake hadi kwenye swichi ya rubani. Rubani akigeuza swichi, waya huo huiua magneto. Ukikatika au ukilegea, magneto haifi. Swichi itasema imezimwa, nayo ipo macho, inangoja mtu asukume pangaboi kidogo tu injini iwake. Wapo mafundi waliopoteza mikono hivyo.

Wa magneto ya kushoto umekaa mahali pabaya kuliko pote, nyuma kabisa, kati ya magneto na bati la chumba cha rubani. Jicho halifiki. Unaingiza mkono mmoja, wa kushoto, unaitafuta nati kwa ncha za vidole na kuikaza gizani kama unayesoma kwa kugusa.

Baba aliingiza mkono. Nikasikia nati ikianguka ndani. Akaiokota kwa sumaku, akarudia. Ikaanguka tena.

"Nati za siku hizi hazina adabu," alisema.

"Nikusaidie?"

"Nisaidie kunyamaza."

Ilianguka mara nne. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimemwona akishika kikombe kwa mkono wa kulia, yeye aliyekuwa wa kushoto tangu kuzaliwa. Nimemwona akivitazama vidole vyake kama mtu anayesubiri jibu. Sikuuliza. Nilijiambia kwamba ni uchovu.

Mara ya tano mkono ulikaa ndani muda mrefu. Kisha akautoa.

"Tayari. Nimekaza."

Nilisogea nivute. Akanitazama. Hakuwa mkali. Ukali ningeweza kuukabili. Alinitazama kama mtu anayeomba asivuliwe nguo mbele za watu.

"Nimekaza, mama," alisema tena, kwa sauti ndogo.

Nilichukua daftari. Kwenye safu ya aliyevuta, mstari wa waya wa kuzimia, kushoto, nikatia saini. Sikuwa nimegusa kitu.

Saa kumi na moja alfajiri rubani alifika. Ni mume wa dada yangu, mtu wa mdomo mrefu na moyo mwepesi, na baba humpenda ingawa hakubali kusema.

"Mzee shikamoo! Shemeji, mbona sura kama ya mlipa kodi? Mmelala hapa hapa?"

"Marahaba. Panda uwashe," baba alisema. "Porojo utawapigia nzige."

Wapakiaji wawili walikuwa wamemaliza kujaza dawa. Kila kitu kilipangwa: dakika ishirini na tano hadi bondeni, anyunyize, atue kwenye kiwanja cha nyasi kule chini walikokuwa wamepeleka mapipa mengine, apakie, arudi juu. Kila anapozima injini ile, kabla ya kuiwasha tena, lazima pangaboi lizungushwe kwa mkono ili mafuta ya kulainisha yaliyotuama kwenye silinda za chini yatoke. Karakana tulikuwa tumelizungusha kabla ya kufunga nyaya; kule bondeni angelizungusha yeye mwenyewe, kama siku zote.

Injini iliwaka kwa wingu la moshi, ikatulia. Ikanguruma safi, bila kikohozi, na nilihisi machozi ya furaha. Nilisimama kando ya ncha ya bawa na mtungi wa kuzimia moto.

Akaanza jaribio la magneto. Unaizima moja, injini ibaki kwenye nyingine peke yake, na mzunguko lazima ushuke kidogo, kama mtu anayetembea kwa mguu mmoja. Alizima ya kulia: nikasikia mngurumo ukilegea. Sawa. Akarudisha. Akazima ya kushoto.

Mngurumo haukubadilika.

Alitoa kichwa dirishani, meno yote nje. "Haijashuka hata nukta! Mzee, hii ni injini au ni malaika?"

Wapakiaji wakapiga makofi. Mmoja alimpigia baba saluti.

Haikushuka kwa sababu haikuzimika. Waya wa kuzimia haukuwa umeshika. Nilimgeukia baba, naye alikuwa ameshanigeukia. Alijua. Alikuwa amejua kabla yangu, pengine kabla hata swichi haijageuzwa. Akaja upesi, akaniwekea mdomo sikioni.

"Iache iruke."

"Baba!"

"Angani haina neno. Magneto zote mbili zinafanya kazi. Tukifungua sasa jua litatukuta hapa. Mama yako atakula nini? Bonde zima litakula nini?"

"Na akitua kule? Akishika pangaboi?"

"Nitampigia."

"Simu kule chini haishiki, baba, wala redio akishatua, unajua haishiki."

"Basi mwambie asilizungushe."

"Ataniuliza kwa nini."

Baba aliitazama ndege. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umening'inia kando kama kitu cha kuazima.

"Na waya wenyewe uko wapi?" nilimuuliza. "Kama unaning'inia, ukigusa chuma akiwa chini chini juu ya miti, na mzigo wote ule, magneto inakufa kwenye kona. Baba, wewe ndiye uliyenifundisha hayo."

"Mwanangu," alisema. "Wakijua, watanitoa. Sina kazi nyingine. Sijui hata kukaa."

Rubani alishaanza kufunga mkanda. Mashariki palikuwa pamepauka. Akilini nilimwona Mama akiwa amesimama katikati ya mtama, sufuria mkononi, akipiga kelele za bure, akitazama juu. Nikamwona shemeji akiliegemea pangaboi kwa bega, akitania mtu. Sikujua kama nina haki ya kuchagua kati yao. Miguu yangu ilienda yenyewe. Nilisimama mbele ya dirisha lake na kukata koo langu kwa kiganja: zima.

"Kwa mafuta!" nilipiga kelele. "Usizime kwa swichi! Kata mafuta!"

Tabasamu likamtoka. Alivuta kishikio, injini ikala mafuta yaliyobaki, ikafa. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele.

"Kuna nini?"

"Waya wa kuzimia wa kushoto haujashika. Nimetia saini kwamba niliuvuta. Sikuuvuta."

Alifungua mkanda, akashuka. Kisha akasema neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya baba mkwe wake.

"Shemeji, nina watoto wawili. Hao ni watoto wa dada yako. Ungewaambia nini?"

Nilitamani anipige.

"Usimfokee huyo." Baba alikuwa amesogea nyuma yangu. "Niliyefunga ni mimi. Vidole vyangu havisikii. Viwili havisikii kabisa, cha tatu kinasikia kikitaka. Huyu alinihurumia tu."

Mpakiaji aliyempigia saluti aliinamisha kichwa, akaanza kufuta pipa lililokuwa safi.

"Inachukua muda gani kufungua?" rubani aliuliza hatimaye.

"Saa nzima," baba alisema. "Injini ikiwa ya moto, zaidi."

"Basi tusimame hapa tunaangaliana?"

Tulifungua. Baba alishika bisibisi kwa mkono wa kulia, nami nikawa natoa skrubu anazolegeza. Bati lilikuwa likichoma. Nilifunga kitambaa mkononi, lakini kitambaa kilizuia vidole kusikia, nikakitoa. Niliingiza mkono. Chuma kilinishika kwenye kiwiko, ngozi ikalia. Nikautoa.

"Taratibu," baba alisema. "Pita chini. Kiwiko kitazame ardhi."

Niliingiza tena. Niliupata waya: ulikuwa umekaa kando ya skrubu yake, umeegemea tu, na nati imekaza hewa. Mtetemo mmoja mkubwa ungeufikisha kwenye chuma.

"Nimeupata."

"Toa nati, kisha weka pete ya ncha ya waya juu ya skrubu. Usiikimbilie nati. Ukiwa na haraka inakukimbia. Geuza nyuma kwanza, mpaka uisikie ikidondoka kwenye mfereji wa skrubu. Umesikia?"

"Bado."

"Geuza nyuma."

Nilikuwa nalia, kwa maumivu na kwa kuona kivuli cha ndege kikianza kujichora ardhini, maana yake jua limetoka. Kisha nikaisikia ile nati ikidondoka mahali pake, kitu kidogo kama kope inavyofumba.

"Sasa mbele," baba alisema kabla sijasema neno.

Nilipomaliza, rubani mwenyewe aliingiza mkono akauvuta. Aliuvuta mara tatu. Hakutia mzaha. Kwenye jaribio la pili injini ilishuka kushoto na kulia, sawa kabisa, na hakuna aliyepiga makofi. Ndege iliondoka saa moja na nusu.

Tulikaa kando ya redio. Nilikuwa nimeufunga mkono kwa shuka safi. Baba alikuwa na daftari mapajani. Aliandika maneno machache kwa mkono wa kulia, herufi za mtoto wa darasa la kwanza, kwamba kuanzia siku ile hafungi tena waya, na kwamba meneja aamue mengine. Halafu akanipa kalamu niandike langu. Niliandika kwamba nilitia saini ya uongo. Ilikuwa sentensi fupi kuliko nilivyodhani.

Saa mbili na robo sauti ya shemeji ilikuja ikikwaruza. "Mashariki nimewakuta wamelala. Nimewamwagia wote. Magharibi..." Redio ikakata, ikarudi. "Magharibi wameshainuka. Samahani, Mzee. Hakuna kitu kule."

Baba aliitazama redio. Baadaye alitoa simu, akashindwa kubonyeza, nikambonyezea.

"Mama watoto," alisema. "Ndiyo. Najua. Tumechelewa. Tumechelewa kwa sababu yangu." Akaeleza kila kitu, mkono, nati, daftari, bila kujiokoa popote. Upande wa pili nilisikia upepo, na mbali, watu wakiitana.

"Tangu lini?" Mama aliuliza.

"Tangu mwezi uliopita."

"Na uso? Mdomo unakwenda upande? Cheka nikusikie."

"Nicheke vipi leo?"

"Mpe huyo binti simu."

Niliipokea. Nilianza kusema pole kwa shamba, akanikatiza.

"Nisikilize," Mama alisema. "Mpeleke hospitali sasa hivi, si kesho, isije ikawa kiharusi. Atasema yuko salama. Usimwamini, mshike wewe mwenyewe. Mimi nashuka mashariki kuwasaidia walionusurika, labda watanigawia mbegu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mshike mkono ule usiosikia," alisema, na simu ikakatika.

Baba alikuwa tayari ameinuka, akidai kwamba kuna skrubu mbili hazijarudishwa kwenye sanduku. Nilimshika mkono wa kushoto. Ulikuwa wa baridi, mzito, na hakujua nimeushika mpaka alipoutazama.