Gunia la Bwana Mikate

Kiroboto alitaka kazi moja tu duniani: kuoka mikate kwenye tanuri la Bwana Mikate. Jina hilo la Kiroboto alibandikwa na tajiri mwenyewe, maana kila akifukuzwa alirudi. Kuoka alikujua. Mikate ya kijitanuri chake cha uani majirani waliigombea ingali moto. Lakini mlangoni kwa Bwana Mikate palikuwa na kibao: Waokaji, wanaume tu.

Ikaja sheria mpya, marufuku kumnyima mtu kazi kwa kuwa ni mwanamke. Kiroboto akavaa viatu vyake vya heshima, akaenda. Loo! Kibao kilikwisha badilishwa. Sasa mwokaji alitakiwa awe tayari kufanya kazi kifua wazi, kwa sababu ya joto. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ni kweli wanaume wa tanurini walivua mashati, lakini nani aliwahi kuona shati likiharibu mkate?

Siku hiyo alirudi nyumbani akicheka na kulia kwa pamoja. Dada yake akamwambia atafute kazi kwingine, kwa nini ajidhalilishe kwa mtu mmoja. Kiroboto akamjibu kwamba bandu bandu huisha gogo, akaenda kushtaki kwenye ofisi ya kazi. Kumbe hakuwa peke yake. Matajiri kibao walikuwa wakiipiga sheria chenga za namna hiyo hiyo. Wabunge wakaishona upya palipotoboka: sharti lolote la ajira liwe la lazima kwa kazi yenyewe, na lipimwe kwa wote sawasawa.

Bwana Mikate alisoma mstari wa kwanza akaridhika, wa pili akauruka. Akatangaza kwamba mwokaji lazima abebe gunia la unga peke yake, kutoka stoo hadi tanurini. Akamwalika na mkaguzi wa kazi aje kushuhudia, mama mmoja wa miwani na maneno machache.

Kiwanda kizima kikaacha kazi kutazama. Kiroboto akaliinamia gunia, akalikumbatia, akavuta. Likainuka kidogo, likamrudisha chini. Akajaribu tena mpaka machozi yakamlengalenga, maana aliona kazi yake inamponyoka hivi hivi. Bwana Mikate akatabasamu kama bwana harusi.

"Haya," mkaguzi akasema. "Sasa hawa wengine."

Waokaji wakatazamana. Jamani, kiwandani humo gunia halikuwahi kubebwa na mtu mmoja! Walilipakia wawili wawili kwenye toroli, wakalisukuma. Wa kwanza akashindwa, wa pili akashindwa, msimamizi akasingizia kiuno. Mkaguzi akasema kwa upole kwamba kama sharti ni la lazima, basi kiwanda hakina mwokaji hata mmoja, na wote waondoke.

Bwana Mikate akaona haya. Akawaita legelege, akakunja mikono ya shati, akalivamia gunia mwenyewe. Gunia lilitulia. Kilicholia ni mgongo wake. Akabaki ameinama hivyo hivyo, uso kwenye unga, hawezi mbele hawezi nyuma. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Waokaji walikuwa wakiuma midomo wasicheke. Kiroboto akaleta toroli, wakampakia tajiri kwa uangalifu ili wampeleke kwa daktari. Hapo ndipo moshi ulipowafikia. Jamani, mikate! Katika kutazama kote kule, hakuna aliyebaki tanurini. Wanaume wakaanza kulaumiana zamu ilikuwa ya nani.

Kiroboto akawaacha na zamu zao. Akafungua mlango wa tanuri, akashika koleo refu la mti, akaanza kuivuta nje trei baada ya trei, akitupa iliyoungua na kuiokoa iliyobaki, huku jasho likimtiririka na shati lake mwilini. Bwana Mikate alimtazama akiwa amejikunja pale kwenye toroli.

"Kiroboto," akaguna, "uje kesho asubuhi tuandikiane mkataba."

"Sitakuja," akajibu bila kugeuka. "Mimi siondoki."