Kivimbe Kilichoambiwa Kikue Kwanza

Usiku wa jana Taprandich aliota amepanga foleni hospitalini pamoja na kivimbe chake. Kwa miezi mingi ugali ulikuwa ukimkwama kooni, naye akiusukuma kwa chai ya moto na kuwaambia watu ni uzee tu. Sasa kivimbe chenyewe kilisimama mbele yake, kidogo kama punje ya dengu, kimevaa tai.

"Shida yako?" karani anauliza.

"Mimi ni saratani ya umio," kivimbe kinajibu kwa adabu. "Bado changa. Nasikia wadogo mnatutoa kwa mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa kinywani, bila kupasua mtu."

Karani anakipima kwa rula. "Wewe ni mdogo mno. Hapa tunahudumia waliochelewa. Nenda nyumbani ukue, kisha urudi tukuambie umechelewa."

"Asante sana. Kukua si taabu kwangu."

"Na mimi je?" Taprandich anang'aka.

"Mama, wewe ni msindikizaji tu."

Kufumba na kufumbua, foleni imekuwa sherehe. Ndani ya kabati la kioo, mpira wenye kamera umejikunja, umefungwa utepe, unapiga miayo.

"Nimezinduliwa mara nyingi," unamwambia. "Wakubwa wote wamepiga picha nami. Mgonjwa ndiyo kwanza namwona. Aliyesomea kunitumia yuko Nairobi. Wengine watafundishwa hotuba zikiisha."

Hotuba haziishi. Mheshimiwa anasifu huduma kusogezwa karibu na wananchi, na kila akitamka "karibu", kabati linarudi nyuma. Watu wanapiga makofi. Taprandich anageuka, anakiona kivimbe chake kikipiga makofi pia, sasa kikubwa kama embe, tai imekibana shingo.

Hapo hofu inamshika kwelikweli. Analikimbilia kabati, analivunja kioo kwa kiwiko.

"Haya, fungua kinywa," mpira unasema, na kumpulizia kooni dawa ya ganzi inayonukia ndizi.

Aliamka kinywa wazi, kumekucha.

Binti yake, Cherono, alimletea chai. Taprandich alipiga funda kubwa ikiwa bado inafuka, asihisi chochote.

"Mama, utaungua!" Cherono aliinama, akanusa. "Na mbona unanukia ndizi? Humu ndani hamna ndizi."

Taprandich aliweka kikombe chini polepole.

"Nina kitu kooni," alisema. "Naamini bado ni kidogo. Nipeleke Nairobi leo, kabla hawa wa hapa hawajanihudumia."