Ziwa Hatukuuliza

Mgeni anayekuja harusini saa ya nikaha ana lake, na Kadzo tangu chuoni hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Wanaume walikuwa washatoka kwenda kuswali Alasiri na kuoza, nyumba ya Kibokoni imejaa wanawake mpaka kwenye ngazi, ndipo alipotokea mlangoni jasho likimtiririka, zawadi kubwa kaikumbata kifuani, akiulizia Nasiha kwa sauti ya mwalimu mkuu. Na mwalimu mkuu alikuwa kweli, wa shule moja ya Tudor. Vichochoro vya Mji wa Kale vilikuwa vimemzungusha hadi viatu vikamchubua.

"Nimeuliza njia kwa watu wote wa Mombasa," akasema. "Na wewe mama wa bibi harusi mbona wang'ara hivi? Au harusi ni yako?"

Nasiha akamvuta hadi chumba kidogo cha juu, mwisho wa ngazi, palipowekwa sinia za halua. Chumba cha pili, nyuma ya mlango uliofungwa, Barke alikuwa akivishwa. Barke ndiye mziwanda wake, aliyekataa posa tatu za watu wenye mali zao mpaka mamake akaanza kuona haya, kisha akaja Sheikhan bin Muhdhar, kijana wa Lamu anayefanya kazi bandarini, na Barke akasema huyu namtaka. Harufu ya udi ilipenya chini ya mlango. Nasiha alikuwa na furaha ambayo mtu haipati mara mbili, na aliona raha zaidi kwamba kati ya wenzake wote wa chuo cha ualimu, mmoja amekuja kumwona akiwa hivyo.

"Haya, nipe habari," akasema akimmiminia kahawa. "Wenzetu wako wapi? Nicanor, yule wa kuazima chaki asiregeshe?"

"Ameokoka. Ana kanisa lake Mazeras. Anapiga kelele kuliko alivyopiga darasani."

"Na Caroline?"

"Yuko Nairobi, mumewe mkubwa wa benki. Watoto wanne, na Kiswahili kimewapotea wote, hata mama mtu. Gunga aliacha ualimu, anauza vipuri vya magari Mwembe Tayari. Tumbo limemtangulia hivi, ukimwona wadhani ana mimba ya mapacha."

Wakacheka hadi Nasiha akajifuta machozi kwa upindo wa leso. Naye akampa zake: Twaha, mwanawe wa kwanza, yuko Maskati anaendesha malori, mumewe Kamaludin bado ana duka lake la vitambaa, bado hapendi kelele. Miaka ishirini na tano ikapita chumbani mle kwa vikombe viwili vya kahawa.

"Leo namkumbuka Tumu," Nasiha akasema. "Angekuwa hai, vigelegele vya kwanza vingekuwa vyake. Nasikia alifia Tanga."

"Alifia Tanga, maskini. Lakini Mungu wenu na wetu ni fundi, Nasiha. Vijana wamejaa pwani yote hii, na aliyekuja kwako ni mwanawe."

"Mwana wa nani?"

"Wa Tumu. Si bwana harusi ndiye yule Kingi wetu?"

Nasiha akacheka kidogo. Kingi lilikuwa jina la utani la kitoto kichanga cha Tumu. Nicanor ndiye aliyelitunga kwa jinsi kilivyokuwa kikilala kifua mbele kama mfalme, na jina la kweli likasahaulika. Nasiha hakumwona tena tangu anatambaa.

"Umechanganya, mwenzangu," akasema. "Huyu mamake ni Bi Esha. Ndiye aliyeleta posa. Yuko chini hapo na wenziwe wa Lamu, ukitaka nitakuonyesha."

"Bi Esha namjua kuliko wewe. Nilifundisha Lamu miaka minane, na Sheikhan nilimsomesha darasa la sita. Bi Esha ni shangazi yake. Tumu alipoachwa na Muhdhar, mtoto alichukuliwa na upande wa baba, akalelewa akiambiwa mama ni huyo. Bi Esha mwenyewe aliniapisha nisimtolee mtoto siri. Tumu alikuja Lamu mara moja, akafikia kwangu. Nikamtuma Sheikhan aniletee madaftari nyumbani, ili mamake apate kumwona tu. Akampa chungwa, akamshika mkono, akawa hauachi. Mimi nilikwenda jikoni kulia." Kadzo akanywa kahawa. "Nilipoona majina kwenye kadi yako, nikasema Nasiha ametafuta mpaka akampata mwana wa shoga yake. Kwani hukujua?"

Hakujua. Angejulia wapi? Tumu alikuwa mwanamke wa adabu za zamani, jina la mumewe halikupita mdomoni mwake. Alimwita Mwenyewe. Mwenyewe yuko Dubai, Mwenyewe ameleta kanga, Mwenyewe meli yake imechelewa. Huyo Mwenyewe alikuwa baharia, na Nasiha hakumtia machoni hata siku moja.

Kikombe kikamponyoka, kahawa ikamwagika juu ya leso mpya. Hakuitazama.

Mwaka wao wa mwisho chuoni walitumwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja karibu na Bondeni. Nasiha alikuwa amejifungua Twaha, Tumu amejifungua Kingi, wakakodi chumba pamoja, na mamake Nasiha akaja kuwalea watoto. Kadzo alikuwa chumba cha pili. Ratiba ya shule haikujua mambo ya wazazi: Nasiha alimaliza kipindi cha tatu, Tumu cha tano. Basi wakapatana, anayefika kwanza ndiye ziwa la wote wawili. Nasiha aliingia mbio, chaki mikononi, akampa Twaha ziwa moja na Kingi la pili, wakashiba, wakalala. Tumu naye alifanya hivyo zamu za jioni. Muhula mzima. Kadzo alikuwa akiwatania, akiwaita ng'ombe wa chama cha ushirika.

Wala halikuwa jambo la kificho. Ulikuwa wema tu, wa wasichana wawili wenye maziwa mengi na saa chache.

"Mbona umegeuka rangi?" Kadzo akauliza. "Nasiha. Waumwa?"

"Nilimnyonyesha, Kadzo."

"Si najua. Niliona kwa macho yangu."

"Nilimnyonyesha, na leo namwoza binti yangu."

Kadzo alimkodolea macho. Alikuwa Mkristo, wa Kaloleni, na kwake hayo yalikuwa maziwa. "Si aliyenyonya naye ni Twaha?" akasema polepole. "Barke hata hakuwa amezaliwa."

"Haidhuru. Mtoto mchanga akishiba kwako mara tano tu, amekuwa mwanao. Wote utakaowazaa, wa mbele na wa nyuma, ni nduguze. Hawaoani, Kadzo. Ni kama wametoka tumbo moja." Akaishusha sauti kwa sababu ya mlango ule. "Na mimi sikumshibisha mara tano. Nilimshibisha muhula."

Alipoletewa posa, Kamaludin alitaka kujua kijana anaswali wapi, babake ni nani, kazi yake ni ya halali au ya magendo. Akatuma mtu Lamu, mtu akarudi na sifa tele. Mambo yote yaliulizwa, hata kama anatafuna miraa. Ziwa hawakuuliza. Nani huuliza ziwa, na mama mtu amekaa mbele yako anakunywa sharubati?

Kadzo sasa naye aliogopa. Akakiweka kikombe chini, akauchukua mkoba wake akaubana kwapani, akauweka tena.

"Basi mimi sikusema kitu," akanong'ona. "Nasikia huko chini wanawake wote wanamsifu kijana. Tumu amekufa, mamako amekufa. Tumebaki mimi na wewe. Naondoka sasa hivi nirudi Tudor, na neno hili nitakufa nalo. Nakuapia, shoga yangu."

Shetani siku hiyo hakuja na mapembe, alikuja na huruma. Nasiha aliyasikia maneno yale yakimwingia matamu, na utamu wake ndio uliomtisha kuliko kitu kingine. Akilini alimwona Barke akishuka ngazi mikono imejaa nakshi za piko, anacheka. Akamwona mwaka ujao na kitoto mgongoni, wajukuu wa damu ya nani, yeye akiwaogesha, akiwabusu, akinyamaza. Mpaka lini? Mpaka kaburini, na kaburini ndiko kwenye kuulizwa. Kisha akaliona jambo la pili: Kamaludin mbele ya watu wa Lamu, sinia zikirudi zimejaa, mji wote ukisema mama yake mwenyewe ndiye aliyevunja. Na Barke akimtazama. Hilo hakuweza kuliangalia hadi mwisho.

Akatwaa buibui lake msumarini. Msikiti ulikuwa pale pembeni tu. Mwanamke haingii kwenye nikaha, lakini mlangoni atasimama, atamtuma mtu amwite Kamaludin, atasema neno moja. Akashuka ngazi, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakimtupia asumini na kumpongeza, akafika mlango wa nje.

"Wendapi, bi mkubwa?" mmoja akamuuliza.

Nasiha akachungulia nje. "Naangalia kama waja," akasema.

Akarudi juu. Usimcheke, msomaji, hofu ina nguvu kuliko miguu. Alijikalia sakafuni mle chumbani, buibui limeshika vumbi, akimwomba Mungu amtoe roho kabla ya jambo kutimia, kisha akamwomba msamaha kwa dua hiyo, kisha akaiomba tena. Kadzo alimshika bega tu.

Ndipo wakasikia dufu.

Zafa ya kumleta bwana harusi ilikuwa imeingia mtaani. Mchana ule Nasiha alikuwa akizingoja dufu hizo kwa shauku, na sasa alitamani zinyamaze. Nikaha imesomwa. Barke ni mke wa mtu. Chini vigelegele vikapasuka, chumba cha pili wanawake wakaanza kukimbizana, "Bwana harusi amefika, amefika, mfunikeni," na sauti ya Barke mwenyewe, ndogo, ikiuliza kama shungi lake limekaa sawa.

Limebaki moja. Bwana harusi hupanda, huingizwa chumbani, humpa bibi harusi mkono. Hapo ndipo hushikana kwa mara ya kwanza, na mlango hufungwa.

Nasiha akasimama. Hakuwa ameamua lolote. Alikuwa akiogopa vile vile. Lakini aliisikia miguu ya wanaume kwenye ngazi, akajikuta ametoka, ameteremka hadi katikati, ameshika ukuta huku na huku kwa mikono miwili.

Sheikhan alikuwa wa mbele, kanzu na joho, upanga wa fedha kiunoni, uso unameta kwa jasho na haya. Nyuma yake Mwalimu Zakariya aliyewaoza, na nyuma yake Kamaludin.

"Nasiha," Kamaludin akasema, akijaribu kucheka. "Mpishe mwana apite."

"Mwana ndiye," Nasiha akasema. "Ndiyo maana hapiti."

Waliodhani ni mzaha wa mama mkwe wa kudai ada ya kumpisha wakacheka. Zakariya hakucheka, alikuwa ameuona uso wake.

"Sheikhan," Nasiha akasema, "mamako aliyekuzaa aliitwa Tumu. Alikuwa mwenzangu chuoni. Bi Esha amekulea, Mungu amlipe, lakini ni shangazi yako. Tulikaa chumba kimoja Bondeni mimi na mamako, na yeye alipokuwa kazini mimi ndiye niliyekunyonyesha. Si siku moja. Muhula mzima, mpaka ukawa walia ukisikia viatu vyangu. Leo ndipo nimejua kuwa wewe ndiye. Nafunga njia hii na naogopa, mwanangu. Lakini huwezi kupita."

Dufu bado zilikuwa zikipigwa nje. Walioko nje hawakujua. Kamaludin alifumba macho. Zakariya akauliza kwa upole, "Alishiba, Nasiha? Zaidi ya mara tano?" Nasiha akaitika kwa kichwa. Mzee akashika ndevu zake, akasema, "Basi hakuna ndoa hapa. Ilikuwa haipo tangu mwanzo." Akaliondoa joho mabegani mwa kijana kwa mkono wake mwenyewe.

Sheikhan alimtazama Nasiha kama mtu anayesomewa jambo kwa lugha asiyoijua.

"Mama yangu yuko chini," akasema hatimaye.

"Ulipokuwa darasa la sita," Nasiha akasema, "Mwalimu Kadzo alikutuma umpelekee madaftari nyumbani. Ukamkuta mgeni."

Kijana akautazama mkono wake.

"Alinipa chungwa," akasema.

"Ndiye."

"Alinishika mkono, nikaona haya. Nikauchomoa, nikakimbia."

Sheikhan akakaa pale pale kwenye ngazi, upanga ukagonga jiwe, akauficha uso kwa viganja viwili. Chini kwenye ngazi watu walikuwa washaanza kuulizana.

Juu mlango ukafunguka kidogo, harufu ya udi ikateremka.

"Mama," Barke akaita, sauti imejaa kicheko kilichozuiwa. "Mbona hapandi?"

Nasiha akafungua kinywa. Hofu yote ya mchana ule ilikuwa ni ya swali hili. Akageuka kumtazama mumewe, mumewe akatazama chini.

Sheikhan ndiye aliyejibu, bila kuinua uso.

"Ngoja, dada," akasema. "Nazungumza na mama."