Yai Lisilo na Herufi

Bibi Yavdokha alikuwa ameahidi: Orysia akiandika yai moja la mapambo bila doa kabla ya Pasaka, ile kalamu ya shaba ya kuandikia kwa nta, aliyoachiwa Bibi na mama yake, itakuwa yake. Orysia aliitamani tangu hajaanza shule ya bweni. Sasa alikuwa na mshumaa, nta ya nyuki, yai bichi na balaa moja: binamu yake Lukian, aliyeingia chuo kikuu mwaka huo na hakutaka mtu yeyote asahau jambo hilo.

Lukian alimsimamia, miwani puani, akimpumulia shingoni. Alieleza kwamba kuandika ni herufi, na herufi zililetwa na watawa. Haya ya mayai ni kuchorachora tu. Alishayaeleza hayo asubuhi. Akayaeleza tena Bibi alipokuwa akichemsha maganda ya vitunguu ili kupata rangi.

"Hao watawa walilikuta neno 'kuandika' limekaa jikoni," Bibi alisema bila kugeuka. "Watu waliandika mayai kabla hawajajua herufi. Vitabu vilikuja kuazima."

"Ushahidi uko wapi, Bibi?"

Orysia alichoka. Kwa unyenyekevu mkubwa alimkabidhi msomi yai jingine na kalamu, akamwomba aandike jina lake. Kwamba nta hutangulia ili kuzuia rangi, na rangi hufuata, hilo hakumkumbusha. Lukian alilitumbukiza yai kwenye rangi nyeusi, akaandika jina kwa nta, akaiyeyusha kwenye mshumaa, akapangusa. Yai likabaki jeusi tii.

"Hongera, kaka. Sijaona jina lililofichwa vizuri hivi."

Orysia alirudia yai lake huku bado anacheka, na tone nene la nta likaanguka katikati. Hata ukilikwangua, mahali pale hukataa rangi. Orysia alimtazama Lukian kama mtu anayetafuta pa kumzika. Kisha akainama. Juu ya tone akaandika miwani, pembeni masikio, chini mdomo ulioachama. Akalitumbukiza kwenye maji ya vitunguu, akaiyeyusha nta, akalipangusa.

Lukian alichungulia. "Huyo si mimi?"

"Ushahidi huo, bwana msomi," Bibi alisema. "Umejisoma mwenyewe, na herufi hamna."

Akalipeleka yai dirishani, akaligeuzageuza kwa muda mrefu.

"Doa silioni," Bibi alisema, akamwekea kalamu kiganjani. "Naona pua tu."