Avansi ya Larissa

Jumatatu asubuhi, viatu vya shule vilivyombana Larissa Ijumaa vilikuwa vinampwaya. Agathe alisokota gazeti akalijaza kwenye ncha, akamshika mtoto mkono, wakateremka kwenda kungoja taxi. Pengo la mbele la mtoto nalo lilikuwa limezibwa na jino lilelile lililong'oka mwaka uliopita. Agathe alilijua kwa doa lake.

Hakuuliza kulikoni. Ilikuwa ile avansi.

Larissa alikuwa mtoto wa Carmel, dada yake Agathe, aliyezikwa hapa Durban akiwa bado na funguo za kiwanda alichofanyia kazi kule Jacobs mfukoni. Tangu siku hiyo Larissa, aliyekuwa hajafika miaka mitatu, alimwita Agathe mama. Agathe, anayesuka nywele sokoni Warwick, alikwenda kumwombea mtoto posho katika ofisi ya misaada. Majibu huchukua miezi, kwa hiyo karani alimuuliza kama angependa avansi ya kumsogeza wakati anangoja. Séverin, mkalimani kutoka Bukavu, alimfafanulia.

"Mama, hii haiko zawadi. Utakula sasa, kisha watakata kidogo kidogo kwa malipo yenye itakuya."

Agathe alicheka. Hiyo si likelemba? Pale Warwick wasusi wote hutia chao kila mwezi, mmoja anakula, na anayekula wa kwanza huonewa wivu.

"Na nani atakula nyuma yangu?"

Séverin alimuuliza karani, akarudi na jibu. "Hakuna mtu."

Likelemba isiyo na mlaji wa pili ingemshtua msusi yeyote, lakini kodi ya chumba cha Sydenham ilikuwa imelala, na mtoto hakuwa na sare. Agathe akatia sahihi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Waliosema hivyo walijua matanga ya mtu aliyekwisha kufa.

Posho haikufika. Siku ya kukata ilifika, wakakata.

"Malipo haijakuya, na munakata wapi?" Agathe aliuliza dirishani.

"Siku ya kulipa iko yake, siku ya kukata iko yake," Séverin alitafsiri, macho chini. "Kama malipo haiko, wanakata kwa ule mwenye ombi iko kwa jina lake."

Larissa alikuwa amesimama pale, kidevu hakifiki tena kwenye kaunta.

"Basi wakate kwangu," Agathe alisema. "Miye niko na miaka mingi."

Karani alitikisa kichwa kwa upole. Ombi halikuwa kwa jina la Agathe. Ila angeweza kuomba wakate kidogo zaidi kwa muda mrefu zaidi. Agathe aliomba hivyo, na roho ikamuuma njia nzima.

Shule ikamrudisha Larissa darasa la chini, kisha ikasema bado hajafikisha umri. Herufi zilimtoka, zile za jina lake zikiwa za mwisho. Agathe akatoa kitenge cha kubebea, akawa anasuka na mtoto mgongoni.

"Ule mtoto anarudi nyuma," alisema Ghislaine wa kiti cha jirani.

"Ni avansi."

"Eish. Wangu walimukata mpaka meno." Akampa kitana.

Hatimaye ujumbe uliingia kwenye simu: ombi limekubaliwa. Asubuhi hiyohiyo Larissa alifumbua macho, akamtazama Agathe usoni, akaanza kulia.

"Mama iko wapi?"

Agathe alimfunga mgongoni huku mtoto akipiga mateke, wakaenda ofisini. Karani alimpongeza. Yaliyokwisha kukatwa kwa mtoto hayarudishwi, na posho yenyewe ilikuwa ndogo mno kubeba makato yote, kwa hiyo yaliyosalia yangeendelea kukatwa palepale, kwa mtoto. Kama hali ni ngumu, aliongeza, mama anaweza kuomba avansi nyingine.

Séverin hakutafsiri hilo la mwisho. Agathe alikuwa amelielewa.

Jioni Larissa hakukubali kushikwa. Alijikokota hadi mlangoni, akakaa kizingitini akitazama upande ambao Carmel alikuwa akitokea akirudi kutoka Jacobs. Agathe alimwekea uji pembeni. Kisha akakaa chini nyuma yake, kimya, mtoto asije akageuka akaona mtu asiyemjua.